DOLA NI MOJA AU NI MBILI? NENO LILILOKIKOSESHA KIKUNDI CHA MAMA MDOGO MASHINE YA ALIZETI

Leo sina udaku wala matokeo ya mpira. Nataka tuongelee neno moja tu, lina herufi 4, kila siku tunalisoma magazetini na kulisikia redioni: DOLA. Msicheke. Neno hili limewagharimu watu ninaowajua, na aliyeliandika vibaya ni mimi mwenyewe.

Mimi nilimaliza kidato cha nne hapa Singida, matokeo hayakunibeba kwenda mbele, nikaanza kujishikiza kwenye steshenari. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa barua, kuskani vyeti, kuwasaidia watu kujaza fomu mtandaoni. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mama yangu mdogo akaja kutoka kijijini kwao, wilaya ya Ikungi. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima alizeti. Walikuwa wamesikia kuna shirika linatoa mashine ya kukamua mafuta kwa vikundi ambavyo havijawahi kusaidiwa na serikali. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma, tuandikie barua nzuri."

Nikaandika. Na kweli ilikuwa nzuri, au ndivyo nilivyodhani. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Kikundi chetu hakijawahi kupata msaada wowote wa dola."

Nilimaanisha serikali. Si mnaijua ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu? Kikundi hakikuwahi kuipata, na wakati ule ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023. Sasa badala ya kuandika "serikali" au "halmashauri" kama mtu wa kawaida, nikaandika "dola". Kisa? Kujifanya msomi. Kwenye magazeti nilikuwa naona "vyombo vya dola", "mihimili ya dola", nikaona ndiyo Kiswahili cha watu wazito.

Wakaja watu wawili kukagua. Mimi nilikuwepo, nimekaa pembeni kwenye benchi. Kijana mmoja akasalimia, "Shikamoo mama." Mama mdogo akajibu, "Marahaba mwanangu, karibuni sana." Wakaomba daftari la mapato na matumizi. Yule kijana akafungua, akasoma, akarudi kwenye barua, akasema, "Mama, hapa mmeandika hamjawahi kupata msaada wowote wa dola."

"Ni kweli kabisa mwanangu, hatujawahi."

"Na hii dola 500 kwenye daftari?"

Mama mdogo akanyamaza. Zile dola 500 walipewa na wageni waliopita kijijini mwaka juzi yake, wakazibadilisha benki, wakaandika kila kitu vizuri kwenye daftari. Akasema, "Hizo walitupa wageni tu, mwanangu." Yule kijana akaandika kitu kwenye karatasi yake, akafunga daftari. Na mimi pale kwenye benchi, naapa wadau, sikuelewa kinachoendelea mpaka gari lao limeshaondoka.

Baada ya wiki tatu jibu likaja kwa simu: maelezo ya barua na kumbukumbu za fedha vinapingana, mjaribu awamu nyingine. Yaani wameonekana waongo. Mashine ikaenda kwa wengine. Mama mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungeandika serikali."

Maneno hayo yalinikaa. Nikaanza kulichimba hili neno, kidogo kidogo, kila nikipata nafasi. Nilichokipata ndicho nawaletea hapa.

DOLA YA KWANZA: ZAMU

Dola hii ya vyombo vya dola imetoka kwenye Kiarabu, neno *dawla*. Asili yake ni kuzunguka, kupokezana, kitu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Yaani zamu. Ukoo wa Abbasi ulipouangusha ukoo wa Umaya mwaka 750, neno hilo lilitumika kwa maana ya zamu yao ya kutawala imefika. Taratibu likahama kutoka "zamu ya kutawala" likawa "ukoo unaotawala", na mwisho likawa "nchi yenye mamlaka yake".

Ukifikiria, hapa kwetu lina maana sana. Wanyiramba walikuwa na mtemi. Wakaja Wajerumani wakajenga boma pale Kilimatinde, Manyoni. Wakaja Waingereza baada ya vita ya kwanza. Uhuru ukapatikana 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 utawala wa machifu na watemi ukafutwa kisheria Tanganyika. Kila mmoja na zamu yake.

Kuna wakati neno hilo lilikuwa mpaka cheo cha mtu. Kule Yemen, gavana wa mji aliitwa Dola. Carsten Niebuhr, msafiri aliyefika bandari ya Mokha mwaka 1763 na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, aliandika habari za magavana wa huko kwa jina hilohilo. Kwa hiyo ungeweza kusema "Dola amekuja" ukimaanisha mzee mmoja na walinzi wake.

Sasa sikilizeni hii. Neno hilohilo la *dawla* lilisafiri likafika Uajemi, likawa *dowlat*, maana yake serikali. Likafika Uturuki likawa *devlet*, nchi. Lakini lilipofika India likawa *daulat*, na kwa Kihindi daulat ni MALI, utajiri! Neno moja, huku ni mamlaka, kule ni hela. Na Waarabu wenyewe, mzizi huo huo wanautumia kwa fedha inayozunguka mikononi mwa watu. Soko la hisa la Saudi Arabia linaitwa Tadawul, ni mtoto wa mzizi huohuo.

DOLA YA PILI: YA BONDENI

Dola hii nyingine, ya noti za kijani, haina undugu kabisa na ile ya kwanza. Imetoka Ulaya. Kuna mji mdogo unaitwa Jáchymov, leo uko Jamhuri ya Cheki. Wajerumani waliuita Joachimsthal, na *Thal* kwa lugha yao ni bonde. Kwenye miaka ya 1520 palikuwa na machimbo makubwa ya fedha, ile madini nyeupe. Watawala wa pale, ukoo wa Schlick, wakaanza kutengeneza sarafu kubwa za fedha. Watu wakaziita Joachimsthaler, yaani za Joachimsthal. Jina refu, wakalikata likabaki *thaler*. Waholanzi wakasema *daalder*, Waingereza wakasema *dollar*. Marekani ikaiweka kuwa fedha yake katika sheria ya sarafu ya mwaka 1792.

Kwa hiyo ukichimba mpaka mwisho, dola maana yake ni "ya bondeni". Sisi tunaokaa karibu na Bonde la Ufa tungeweza kudai hisa!

Ndugu yake mmoja alifika kwetu zamani sana. Ni thaler ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu yenye sura yake iliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya kufa kwake, na zote zimeandikwa 1780. Karne ya 19 ilikuwa inatembea Unguja, Yemen, Ethiopia, kote huko. Waswahili waliiita reale. Huku bara mambo yalikuwa tofauti. Misafara ya pembe za ndovu iliyopita Ugogo kwenda Tabora ililipa watemi kwa nguo, shanga na nyaya. Malipo hayo yaliitwa hongo. Ndiyo, hongo hii hii! Enzi hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu. Leo ukiitoa unafungwa. Maneno ya pesa na utawala hayatulii.

KWANI NI SISI TU?

Hapana wadau. Kuna mfano mzuri zaidi kule Ulaya ya mashariki, neno lenye herufi 3: BAN. Croatia, ban alikuwa mtawala, kama gavana mkuu wa nchi chini ya mfalme. Uwanja mkuu wa mji wa Zagreb mpaka leo una jina la ban Josip Jelačić. Cheo hicho kiliendelea kutumika mpaka wakati wa vita ya pili ya dunia. Halafu nenda Romania na Moldova: ban ni senti yao. Ban 100 ni leu 1. Yaani cheo cha mkubwa wa nchi ni chenji ya mfukoni kwa jirani.

Wale hawakukutana kwa bahati tu kama dola zetu. Zamani maban walitoa sarafu zao, na sarafu za fedha za Slavonia ziliitwa *banovac*, ya ban. Wataalamu wengi wanaiunganisha senti ya Romania na cheo hicho. Mkubwa anagonga chapa yake kwenye sarafu, mwisho watu wanaiita sarafu kwa jina la mkubwa.

Na Romania, wingi wa ban ni *bani*, na bani ndiyo neno lao la kawaida la pesa zote. Senti ndogo imekuwa jina la fedha yote. Mnashangaa? Sisi je! Wajerumani walipotawala huku kulikuwa na rupia, na kuanzia mwaka 1890 rupia 1 ilikuwa na pesa 64, visarafu vya shaba. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia 1 ikawa na heller 100. Rupia imekufa, heller imekufa, lakini mpaka leo ukitaka kumkopa mshikaji unamwambia "nipe HELA" au "nipe PESA". Unaomba senti za Mjerumani bila kujua.

KWA NINI SARUFI HAITUSAIDII

Shuleni tulisoma mada ya utata. Mwalimu alitupa mifano ya "paa", "kaa", na "amempigia mpira". Tukacheka, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba utata unaweza kumnyima mtu mashine.

Tatizo la dola ni kwamba zote mbili ziko kwenye ngeli moja. Mtu na kitu unaweza kuwatofautisha: kiboko ameingia, kiboko kimevunjika. Lakini dola? Dola IMEyumba. Dola IMEanguka. Nani ameanguka, utawala au noti? Umoja na wingi navyo havibadiliki.

Angalieni hizi:

- "Nguvu ya dola": polisi na mahakama, au thamani ya fedha ya Marekani?
- "Ni marufuku kulipa kwa dola": usilipe kwa noti za kigeni, au usiilipe serikali chochote? (Wengi tungefurahi.)
- "Msaada wa dola": hii ni ya kwangu. Nimeshailipia.

Ya katikati ina habari yake. Tarehe 28 Machi 2025 zilitoka kanuni, Tangazo la Serikali Na. 198, zinazokataza kutangaza bei au kulipia bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Kwa kifupi, dola imepiga marufuku dola. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa kwa Kiswahili, na mtu asiyejua habari hataelewa chochote.

DOLA ZOTE MBILI NA GUNIA LA ALIZETI

Sasa kuna mdau atasema, "Hayo ni maneno tu, sisi tunataka maisha." Sawa. Tuje kwenye gunia.

Singida tunaishi kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Bei ya alizeti haipangwi na mkulima. Nchi yetu huagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje, hasa mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Mafuta hayo yananunuliwa kwa dola. Dola ikishuka bei dhidi ya shilingi, mafuta ya nje yanaingia kwa bei nafuu, mwenye kiwanda anabana bei ya alizeti yako. Dola ikipanda, mafuta ya nje yanakuwa ghali, alizeti inapata pumzi. Lakini hapohapo dizeli nayo inapanda, maana nayo inaagizwa kwa dola, na trekta na lori vinakunywa dizeli.

Hiyo ni dola ya bondeni. Dola ya zamu nayo ina mkono wake: ndiyo inayopanga ushuru wa forodha. Ushuru ukipunguzwa, mafuta ya nje yanamwagika sokoni. Mwaka 2023 wakulima wengi wa huku walilia, bei ya alizeti ilishuka vibaya baada ya mafuta ya nje kuingia kwa ushuru uliopunguzwa. Wapo waliosema hawalimi tena. Watu wa mjini walifurahi mafuta kushuka bei, na hilo nalo tuliseme, maana mama ntilie naye ni mtu.

Kwa hiyo mkulima wa Ikungi au Mkalama amesimama katikati ya dola mbili. Akisikia redioni "dola imelegea", anatakiwa ajue ni ipi. Kama ni noti, anapiga hesabu auze lini. Kama ni serikali, anajua wa kumwuliza, maana dola ya zamu ina mbunge, ina diwani, ina sanduku la kura. Noti ya Marekani haina diwani.

JINSI YA KUZITOFAUTISHA

Nimejitengenezea kanuni zangu, mnaweza kuzitumia bure.

1. Angalia jirani wa neno. Kama kuna "vyombo vya", "mihimili ya", "kushika" au "kukamata", hiyo ni mamlaka. Kama kuna namba, "bei ya", "kubadilisha" au "za Marekani", hiyo ni fedha.

2. Weka "shilingi" mahali pake. Sentensi ikikubali, ni fedha. Weka "serikali". Ikikubali, ni mamlaka. IKIKUBALI ZOTE MBILI, SIMAMA! Hiyo sentensi ni mtego, iandike upya.

3. Ukiandika fedha, andika "dola za Marekani" kwa ukamilifu. Kuna dola za Australia na za Kanada pia.

4. Ukimaanisha halmashauri, andika halmashauri. Ukimaanisha wizara, andika wizara. Tukumbuke pia kwamba dola na serikali si kitu kimoja. Dola ina mihimili mitatu, Bunge, Serikali na Mahakama. Serikali ni mmoja tu. Kwa hiyo hata kama yule kijana angenielewa, bado nilikuwa nimeandika kitu kikubwa kuliko nilichokusudia. Mama mdogo alikuwa sahihi pande zote mbili, na yeye aliishia darasa la saba.

5. Barua ya mtu mwingine msomee kwa sauti kabla hajaweka sahihi. Mwulize kila neno zito, "Hapa umeelewa nini?" Mimi nilimpa mama mdogo karatasi asaini, hata sikumsomea. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la neno.

Mwisho wa hadithi? Tuliandika barua nyingine. Safari hii mama mdogo alisema, mimi nikaandika vilevile alivyosema: "Serikali na halmashauri hazijawahi kutupa mkopo wala msaada. Mwaka juzi wageni walitupa dola 500 za Marekani, tukanunua mbegu." Sentensi mbili, hazina madoido. Wakati naandika haya bado wanabeba alizeti kwa bodaboda kwenda kukamulisha kwa watu, na mashudu wanayaacha hukohuko kama sehemu ya malipo. Wanasubiri awamu nyingine. Nami kila nikimwona mama yeyote anaingia steshenari ameshika daftari, namvutia kiti kwanza, halafu namwambia anisimulie.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani ana neno lingine lililowahi kumponza, kwenye barua, kwenye fomu ya ajira, hata kwenye meseji ya mchumba? Na wale wa pwani mtusaidie, wazee huko bado wanaitaja reale? Andikeni hapo chini, matusi hapana. Dakika zangu zinakwisha.

Tuko pamoja.